Upimaji wa Ujazo wa Marundo ya Kuni kwa Picha za Kidijitali: Mazingatio kwa Mazingira ya Lukole, Wilaya ya Ngara

Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa takriban siku moja. Wengi wao walirejea kwao Desemba 1996, lakini kambi ya Lukole, iliyogawanyika katika Lukole A na Lukole B, iliendelea kuwahifadhi Warundi hadi miaka ya 2000. Chakula kilipikwa kwa kuni, na kuni zilitoka katika misitu na vichaka vya Ngara na Biharamulo. Matumizi ya namna hiyo kwa kawaida hukadiriwa kwa kilo kwa mtu kwa siku. Udhaifu wa makadirio hayo ni kwamba kuni zikishaungua haziwezi kupimwa upya, hivyo anayetilia shaka hesabu hana pa kuanzia. Picha ya rundo hubaki, na yeyote aweza kuirudia.

Ujazo wa rundo si ujazo wa mti. Rundo lenye urefu wa mita 10, kimo cha mita 1.5 na vipande vya mita 1 lina mita za ujazo 15, lakini sehemu ya hizo ni hewa. Uwiano wa 0.65, unaofaa vipande vilivyonyooka, hutoa mita za ujazo 9.75 za mti halisi. Uwiano wa 0.50, unaokaribia hali ya matawi yaliyopinda, hutoa 7.5. Tofauti hiyo ya 2.25 haitokani na kosa la futi kamba, bali na dhana iliyochukuliwa kitabuni. Anayelipwa kwa rundo hupunjwa au hupendelewa papo hapo.

Mchango mkuu wa picha uko hapa: uwiano hupimwa badala ya kudhaniwa. Kamera huelekezwa wima sawia na uso wa rundo, fito yenye urefu unaojulikana husimamishwa, kisha programu hutenganisha pikseli za ncha za vipande na zile za nafasi wazi. Fito lazima iguse uso wa rundo. Ikisimamishwa mita 1 mbele, na kamera ikiwa mita 10 kutoka kwenye rundo, eneo litakalokokotolewa litapungua kwa asilimia 19. Muuzaji atapata hasara bila yeyote kukusudia udanganyifu (au kwa kukusudia, kwani hila hiyo ni nyepesi).

Kwa magogo ya misindano ya mashambani, ncha ni pana na kazi ni rahisi. Kuni za Ngara ni jambo lingine. Picha yenye pikseli 4,000 inayofunika mita 10 huipa kila pikseli milimita 2.5, kwa hiyo kijiti cha sentimita 3 hupata pikseli 12 tu. Ni afadhali rundo lipigwe picha kwa sehemu za mita 2 au 3 zinazopandana. Jua kali huongeza tatizo, kwani mti ulio kivulini huhesabiwa kuwa nafasi wazi. Siku ya mawingu hufaa zaidi.

Hata hivyo, picha huona uso tu. Vipande vilivyopinda huacha mianya ndani isiyoonekana mbele, kwa hiyo pande zote mbili zipigwe picha, na urefu wa vipande upimwe kwa futi kamba. Uwiano uliopatikana uhakikiwe kwa kuzamisha sampuli ya vipande katika pipa la maji lililojaa pomoni na kupima maji yanayomwagika, kabla kuni kavu hazijayafyonza. Mzigo wa kichwani, wenye vijiti vya urefu tofauti vilivyofungwa kwa kamba, hauna uso wa kupigwa picha. Huo bado ni wa mizani.