Krasteshia wa Nchi Kavu: Kutoka Msitu wa Bafwasende hadi Mapango ya Kauai

Chini ya magogo yanayooza katika misitu ya Bafwasende, kando ya mto Lindi nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huishi viumbe wadogo wenye mgongo wa pingili na jozi saba za miguu, ambao wengi huwadhania kuwa wadudu ilhali wao ni krasteshia, yaani wanyama wa jamii moja na kaa na kamba. Wataalamu huwaita isopodi. Msafara wa American Museum of Natural History, ulioongozwa na Herbert Lang akisaidiwa na James Chapin, uliwakusanya isopodi wa Kongo kati ya 1909 na 1915, na Willard Van Name akachapisha maelezo yao mwaka 1920. Hata hivyo Chapin hukumbukwa zaidi kwa tausi wa Kongo, aliyemtangaza mwaka 1936, na isopodi wakasahaulika isivyo haki.

Wahenga wa isopodi hawa walitoka baharini, na miili yao haijaachana kabisa na maji. Jike hubeba mayai katika mfuko wenye majimaji chini ya kifua, na pumzi hupitia vibamba vya tumboni ambavyo sharti vibaki na unyevu, ingawa baadhi ya spishi zina vijishimo vya hewa vinavyofanya kazi ya mapafu. Kwa kuwa ngozi yao haina tabaka la nta linalowakinga wadudu, jua huwakausha upesi, ndiyo maana hujificha mchana na kutoka usiku.

Hitaji hilohilo la unyevu limewaingiza krasteshia wengine mapangoni. Lava ya volkeno inapotiririka, uso wake hupoa na kuganda huku uji wa moto ukiendelea kupita chini, na ukishaisha hubaki handaki refu. Katika mahandaki ya aina hiyo kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, huishi *Spelaeorchestia koloana*, krasteshia wa kundi la amfipodi, ambao mwili wao umebanwa ubavuni. Spishi hii, iliyoelezwa na Bousfield na Howarth mwaka 1976, haina macho, kwani gizani macho hayamfai mnyama kitu, na dosari zinazoyadhoofisha hurithiwa bila kuchujwa. Chakula chake ni mizizi inayooza, iliyopenya kutoka kwenye miti ya juu; miti hiyo ikikatwa, pango hubaki bila chakula. Tangu mwaka 2000 sheria ya Marekani humlinda amfipodi huyu pamoja na buibui asiye na macho anayemwinda.

Bafwasende hakuhitajiki pango, maadamu kivuli cha miti mirefu huhifadhi unyevu ardhini. Msitu ukifyekwa, majani yaliyoanguka hukauka, isopodi hutoweka, na kazi yao ya kuyatafuna na kuirudishia ardhi rutuba hupungua, hasara ambayo mkulima huiona shambani bila kujua chanzo chake. Hifadhi ya Taifa ya Maiko, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingia katika eneo la Bafwasende, husifiwa kwa sokwe na okapi. Wanaoilinda na wanaoichunguza wanapaswa kuwahesabu pia wanyama wa chini ya gogo.