Leseni ya Bastola Marekani: Kutoka Lazima hadi Hiari

Nchini Marekani, kutembea na bastola iliyofichwa chini ya nguo hutawaliwa zaidi na sheria za majimbo. Ndiyo maana jambo lililo halali Texas laweza kumfikisha mtu mahakamani New York. Tangu miaka ya 1980 sheria hizo zimebadilika sana, na badiliko kubwa linahusu nani mwenye kauli ya mwisho.

Zamani kauli ilikuwa ya afisa anayetoa leseni. New York, iliyotunga Sheria ya Sullivan ya leseni za bastola mwaka 1911, ilimtaka mwombaji athibitishe sababu ya pekee ya kujihami. Hofu ya kawaida ya wahalifu haikutosha. Vermont peke yake haikuwahi kudai leseni.

Mwaka 1987 Florida ilipitisha sheria iliyoigwa na majimbo mengi: anayetimiza masharti hanyimwi leseni. Texas ilifuata mwaka 1995. Mjadala wake ulichochewa na mauaji ya watu 23 katika mkahawa mmoja mjini Killeen, Oktoba 1991. Gavana George W. Bush alitia saini muswada huo. Mwombaji alitakiwa awe ametimiza miaka 21, achunguzwe rekodi ya jinai, ahudhurie mafunzo na afaulu mtihani wa kulenga shabaha.

Kisha majimbo yakaanza kuondoa sharti lenyewe la leseni: Alaska mwaka 2003, Arizona 2010, Texas Septemba 2021 na Florida Julai 2023. Louisiana ilipofanya hivyo Julai 2024, idadi ya majimbo hayo ilifika 29. Hata hivyo leseni bado hutolewa kwa anayeitaka, hasa kwa kuwa baadhi ya majimbo mengine huitambua. Aliyezuiwa na sheria kumiliki silaha, kama mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa la jinai, hubaki amezuiwa. Sheria ya shirikisho pia huwazuia wageni wengi wenye viza za muda, wakiwemo wanafunzi.

Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, ilibatilisha sharti la New York la sababu ya pekee, ikisema linakiuka Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayolinda haki ya kumiliki na kubeba silaha. Haikufuta leseni. New York ikajibu kwa kudai saa 16 za mafunzo darasani na 2 za kufyatua risasi, na kutaja maeneo yasiyoruhusiwa silaha. Mwaka 2024 Mahakama hiyo ilikubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kutishia usalama wa mwenzi wake aweza kunyang'anywa silaha.

Wanaounga mkono kuondolewa kwa sharti la leseni husema haki ya kikatiba haiombewi kibali. Wapinzani, wakiwemo baadhi ya viongozi wa polisi, hukumbusha kwamba sharti hilo ndilo lililompitisha mbebaji bastola kwenye uchunguzi na mafunzo kabla hajaingia nayo mtaani.