Tangi la bahari Mwanhuzi: Kioo ni rahisi, kazi iko kwenye maji, chumvi na umeme

MWENYE nyumba ya wageni mjini Mwanhuzi anayetaka kuweka mapokezi tangi dogo la samaki wa baharini na matumbawe, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya kioo na taa. Hapo ndipo mtaji wake unapoanza kupotea. Kioo hununuliwa mara moja. Maji, chumvi na umeme hununuliwa kila wiki, na katika makao makuu haya ya Wilaya ya Meatu, mbali na bahari, vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua kama samaki watafika mwezi wa tatu.

Biashara yenyewe si ngeni katika Afrika Mashariki. Kenya imekuwa ikiuza nje samaki hai wa matumbawe tangu miaka ya 1960. Wala ufundi wake si siri. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyoweka matumbawe hai ndani ya vioo kwa kutumia mawe ya baharini na mapovu ya hewa, bila mitambo ya maana. Wafugaji wa Berlin waliongeza baadaye taa kali na kichuja povu. Vifaa vingi vinavyouzwa leo ni marekebisho ya mambo hayo mawili, na si vyote anavyovihitaji anayeanza.

Dogo mno ni hasara

Wauzaji wengi hupenda kumuuzia mgeni wa kazi hii tangi la lita 20 au 30, kwa maelezo kwamba ni rahisi. Ni rahisi kulinunua tu. Maji huvukiza, chumvi hubaki. Tangi la lita 30 likipoteza lita moja kwa siku, na mwenyewe akasafiri siku tatu kufuata mizigo Mwanza, maji yaliyokuwa na gramu 35 za chumvi kwa lita yatakuwa yamefika karibu gramu 39. Tangi la lita 100 likipoteza lita mbili kwa siku litakuwa limefika gramu 37 hivi. Katika hali ya hewa kavu ya Meatu, tofauti hiyo ndiyo uhai.

Kipimo kinachofaa ni sentimita 80 kwa 40 kwa 40. Likijazwa hadi ukingoni ni lita 128, lakini ukiondoa mawe, mchanga na nafasi ya juu hubaki lita zipatazo 100. Fundi vioo yeyote makini anaweza kuliunganisha kwa kioo cha milimita 8, mradi silikoni iwe ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo ni sumu. Likijaa litakuwa na uzito wa karibu kilo 150, sawa na mifuko mitatu ya saruji, kwa hiyo meza ya kaunta haitoshi. Stendi ya chuma iliyochomelewa na kupakwa rangi vizuri inafaa.

Chumvi ya Eyasi haifai

Swali la kwanza la mfanyabiashara wa Usukumani litakuwa kuhusu chumvi. Ziwa Eyasi liko upande wa mashariki, na chumvi yake imefuatwa kwa misafara na Wasukuma tangu enzi za mababu. Kwa nini mtu aagize chumvi kutoka ng'ambo? Jibu ni kwamba chumvi ya Eyasi imechanganyika na magadi. Itawafanya samaki wa bahari kuungua kabla ya wiki kwisha.

Chumvi ya mezani nayo haifai, na hata ile ya mashamba ya chumvi ya pwani haifai, jambo ambalo huwashangaza wengi. Maji ya bahari yanapokaushwa juani, chokaa hutangulia kuganda na kuachwa, na magnesi hubaki katika maji machungu yanayomwagwa mwishoni. Kinachoingia kwenye gunia ni chumvi ya kawaida, basi. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsi, na yanataka miligramu 400 hadi 450 za kalsi katika kila lita, pamoja na magnesi ya miligramu 1,300 hivi. Madini hayo hupatikana katika chumvi maalumu ya matangi ya matumbawe, inayouzwa kwa ndoo au mifuko. Hakuna njia ya mkato.

Wako wanaofikiria kusafirisha maji ya bahari yenyewe kwa madumu. Hesabu inawakataa. Tangi la lita 100 linatakiwa kubadilishwa lita 10 kila wiki, yaani lita 520 kwa mwaka. Hayo ni madumu 26 ya lita 20, mzigo wa zaidi ya nusu tani kutoka pwani. Kwa chumvi maalumu, gramu 37 hivi kwa lita, mwaka mzima unahitaji kilo 19 tu, na kilo 3.7 nyingine za kuanzia. Mzigo huo huingia chini ya kiti cha basi.

Kipimo cha chumvi kinachoitwa rifraktomita kinunuliwe pamoja na ndoo ya kwanza. Haidromita za plastiki zenye mshale ni za bei ndogo lakini hudanganya.

Maji ni mengi kuliko yanavyoonekana

Mtu huona lita 100 ndani ya kioo akadhani hayo ndiyo mahitaji. Siyo. Uvukizi wa lita mbili kwa siku ni lita 730 kwa mwaka, na zote hufidiwa kwa maji safi yasiyo na chumvi. Ukijumlisha na zile 520 za kubadilisha na 100 za kuanzia, ni lita 1,350. Maji hayo yasiwe ya bomba wala ya kisima. Visima vya ukanda huu vina madini mengi, floridi ikiwamo, na chochote kinachoingia na maji ya kufidia hakitoki tena. Hujilimbikiza wiki hadi wiki.

Kifaa kinachotakiwa ni mtambo wa kuchuja wa aina ya RO, ulioongezewa chujio la mwisho la kuondoa madini. Hapa mwenye mtaji asome kwa makini, kwa kuwa muuzaji hatamwambia: mitambo midogo hutupa lita tatu au zaidi kwa kila lita moja safi. Lita 1,350 safi zinamaanisha kuingiza lita 5,400, sawa na madumu 270 kwa mwaka. Penye ununuzi wa maji kwa mkokoteni, gharama hiyo inaweza kuizidi bei ya kioo. Nafuu iko moja: maji yanayotupwa ni mazima kabisa kwa kufulia, kusafishia vyoo vya wageni na kumwagilia. Nyumba ya wageni ina matumizi hayo kila siku. Duka dogo halina. Aidha mtambo huu hutaka msukumo wa bomba, na tangi la juu la mita tatu halitoshi; pampu ndogo ya kuongeza msukumo iwekwe kwenye hesabu.

Maji ya mvua yanayotoka kwenye mabati yana zinki, na zinki huua konokono na kamba. Maji ya betri yanayouzwa gereji yanaweza kusaidia siku ya dharura, lakini mnunuzi ahakikishe amepewa yale yaliyochujwa, si asidi. Vyote viwili huitwa kwa jina moja katika gereji nyingi, na vyote viwili viko kwenye chupa zinazofanana.

Adui mwingine ni shaba. Bomba au koki ya shaba isiguse maji ya tangi hata kidogo. Boya la kujazia liwe la plastiki. Mrututu, ambao mkulima anaufahamu, ni shaba hiyo hiyo, na baadhi ya dawa za samaki zimetengenezwa kwa huo. Samaki anaweza kupona, lakini matumbawe na kamba watakufa. Kadhalika viuatilifu vya pamba vya jamii ya pairethroidi na dawa za kupulizia mbu ni hatari kubwa. Katika msimu wa kupulizia mashamba, anayehudumia tangi anawe mikono hadi viwiko, na chumba cha mapokezi kisipulizwe mbu.

Betri kabla ya taa

Uhai wa tangi ni mzunguko wa maji. Pampu mbili za wati 8, zenye uwezo wa kusukuma kwa jumla lita 1,000 hadi 2,000 kwa saa, zinatosha. Zikisimama, oksijeni hupungua na samaki huanza kufa katika saa chache. Kwa hiyo kifaa cha pili kununuliwa baada ya mtambo wa maji ni betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, huendesha pampu moja ya wati 8 kwa saa 75. Hata ukitoa upotevu wa inveta, ni siku mbili kamili. Pampu zinazotumia volti 12 moja kwa moja ni bora zaidi kwa kuwa haziihitaji inveta kabisa, na paneli moja ya sola huzifaa.

Matumizi ya kawaida si ya kutisha. Pampu mbili mchana na usiku, taa ya LED ya wati 40 kwa saa nane na feni ndogo, vyote havifiki uniti moja kwa siku. Ni uniti 23 hivi kwa mwezi. Linaloumiza ni kukatika, siyo bili.

Feni hiyo ndogo ni muhimu kuliko hita. Matumbawe hutaka nyuzi 24 hadi 27. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda kwa digrii chache tu na miamba mingi ya pwani ya Afrika Mashariki ikapauka na kufa. Chumba chenye paa la bati mjini Mwanhuzi kinaweza kufanya hivyo mchana mmoja. Feni ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu, ingawa huongeza uvukizi. Mtambo wa kupoza ni ghali na hula umeme mwingi. Anayeuhitaji ahamishe tangi chumba kingine. Hita ya wati 100 inunuliwe kwa ajili ya usiku wa Juni na Julai.

Taa isiwe ya kushindana. Matumbawe laini na uyoga wa baharini hukua chini ya LED ya kawaida yenye mwanga mweupe na wa buluu. Kichuja povu ni kifaa kizuri, lakini kwa lita 100 na samaki wawili, kubadilisha maji kila wiki hufanya kazi hiyo hiyo. Fedha yake inunue pampu ya akiba.

Vipimo, subira na sheria

Vipimo vya lazima ni vya amonia, naitriti, naitreti, na ukali wa maji wa kuhifadhi chokaa. Kalsi inaweza kufuata baadaye. Tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kabla ya bakteria kuenea kwenye mawe na kuigeuza amonia. Samaki wakiingizwa wiki ya kwanza, ni fedha iliyotupwa.

Upande wa sheria, mwekezaji asijaribu kumtuma mtu kuvunja matumbawe Dar es Salaam au Mafia. Kuna Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994 na Sheria ya Uvuvi ya 2003, na biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu inasimamiwa na mkataba wa CITES. Maofisa wa uvuvi waulizwe kabla ya oda, vibali vidaiwe kwa muuzaji, na mawe yawe yale makavu yaliyotengenezwa. Kwa samaki, wale wa klauni waliozaliwa kwenye matangi ndio wanaofaa kuanzia: wamezoea chakula cha punje, na hawakukamatwa mwambani. Wawili wanatosha. Wakifungwa kwenye mfuko wenye theluthi ya maji na iliyobaki oksijeni, huhimili safari ya saa 24 hivi, kwa hiyo ndege hadi Mwanza kisha gari ni njia salama kuliko basi la moja kwa moja.

Kabla ya kulipia samaki hata mmoja, tangi liendeshwe miezi miwili likiwa na maji ya chumvi na mawe tu, na daftari liwekwe: madumu yaliyoingia, uniti zilizotumika, saa ambazo umeme ulikatika, nyuzi za joto la saa nane mchana. Daftari likionyesha kwamba joto limepita nyuzi 29 mara kwa mara, au maji yamekosekana wiki mbili mfululizo, tangi hilo hilo lisitupwe. Limwagwe chumvi, lioshwe, na waletwe samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao Kigoma imekuwa ikiwauza nje kwa miaka mingi. Hao huishi katika maji magumu yenye chokaa, hawahitaji chumvi, taa kali wala mtambo wa kutupa lita tatu kwa moja, na rangi ya baadhi yao, manjano na buluu, mgeni aliyekuja kununua pamba hataitofautisha na ya bahari.