Kazi na dawa jijini Nairobi

Kwetu Tanga, kijana akiaga kwamba anakwenda Nairobi kusoma, wazee humpa nasaha moja: "Mwanangu, unakwenda kusoma, huendi kutembea." Nami niliambiwa hivyo mwaka 2009, na mama aliyeniambia alikuwa ameuza bangili zake mbili za dhahabu ili nipate karo. Nasaha hiyo ni njema, ila ina pengo. Haisemi mtu afanye nini Jumamosi alasiri, kichwa kinapokataa kuingiza hata neno moja.

Safari yenyewe si ngeni. Tangu 1963 hadi 1970, Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilikuwa kimoja, chenye matawi Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Kijana wa Tanganyika aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na Mkenya aliyetaka sheria akaja Dar.

Mimi nilisoma sayansi Chiromo, nikapanga chumba Kangemi, mbele ya Westlands, kwa kuwa huko kodi ilikuwa nafuu. Tulikuwa watatu kutoka pwani. Wa kwanza aliijua Westlands ya usiku kuliko ya mchana. Karo ikaishia katika muziki na nguo, na mwaka wa pili akarudi kwao bila ya kuaga. Hadithi hiyo, ndugu msomaji, umekwisha isikia mara nyingi.

Isiyosimuliwa ni ya yule wa pili. Yeye hakwenda popote: chumbani, darasani, chumbani. Hata chakula alikula amesimama, kitabu mkononi. Mtihani ulipokaribia usingizi ulimpaa, mikono ikawa inamtetemeka, na siku ya siku akatoa karatasi tupu. Watu wakasema amerogwa. Wallahi hakurogwa na mtu! Wahenga waliposema kazi na dawa hawakuwa wakiwatetea wavivu.

Mimi mizani yangu niliipata katikati ya jiji, siku za Ijumaa. Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, una kuba tatu na minara miwili, na jirani yake ni maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, yenye sanamu za simba mlangoni. Basi nikisali, nikila wali wangu na wenzangu huku tukicheka kwa Kiswahili cha kwetu, kisha nikiwapita wale simba na kuingia kusoma. Saa ile ya mazungumzo ilinifaa kuliko saa mbili za kukodolea ukurasa.

Jumamosi asubuhi ilikuwa ya hesabu. Alasiri nilikwenda Arboretum, upande wa Kileleshwa, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907. Nilikaa kivulini nikiwatazama kima wakivizia ndizi za watu. Mara moja kwa muhula, fedha zikiruhusu, nilikwenda kutazama mchezo katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, lililofunguliwa 1952, hatua chache kutoka Chuo Kikuu.

Nilichokitafuta ni starehe yenye mwisho. Mchezo ukiisha, pazia hushuka nawe huenda zako. Bustani giza likiingia, unatoka. Lakini usiku wa mabaa na madisko hauna saa ya kwisha; hula na kesho yako. Na tusijidanganye, baraza zetu za bao nazo hazina kengele. Nimewaona vijana wakipoteza muhula mzima kwa kete tu, bila ya tone la haramu.

Ndugu zangu wadogo wanaokwenda huko huwaambia wiki ya kwanza watafute msikiti, maktaba, na mahali pa kupumzikia pasipo gharama kubwa, kabla hawajaonyeshwa mahali pengine na marafiki. Wa mwisho ameniuliza kama kima wale wangalipo. Wapo, nimemjibu, na ndizi aifiche.