Mwanaume wa kwenye tangazo haumwi

Kwenye matangazo mengi ya bia, mwanaume ana misuli, anacheka, haumwi. Kwenye filamu nyingi za Bongo halii, na hospitali hufikishwa akiwa hoi. Mtoto wa kiume wa Nshambya, Bukoba, huyaona hayo kwenye simu ya mzazi wake.

Kagera inajua kuwa ugonjwa hauogopi misuli. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini waligundulika mkoani humo mwaka 1983. Miaka 35 baadaye, Juni 2018, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua Dodoma kampeni ya Furaha Yangu, iliyowalenga zaidi wanaume kwa sababu walikuwa nyuma ya wanawake katika kupima VVU.

Baba, mwambie mwanao lini ulipima afya mara ya mwisho. Kama hukumbuki, nendeni pamoja.