Je, Wajua? Alimbongo kuna baridi karibu na ikweta

Je, wajua kwamba anayetoka Butembo, mashariki mwa Kongo, kwenda Alimbongo kula Noeli au Bonane huvuka mstari wa ikweta kabla ya kufika Lubero, na bado atahitaji koti zito? Alimbongo iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa digrii 6 hivi.

Theluji hakuna. Cha kuogopa ni ukungu na udongo uliolowa. Katika ukungu, taa kali humponza dereva: mwanga hugonga vitone vya maji hewani na kumrudia machoni, akabaki anatazama weupe mtupu. Washa taa za chini, zimulike barabara yenyewe. Kwenye mteremko, shuka kwa gia ndogo, kwani breki inayokanyagwa muda mrefu hupata moto na kukataa kushika. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huwa mara nne. Kwenye matope ni zaidi.

Dereva wa pikipiki, tafadhali, avae glavu. Vidole vikiingia ganzi, breki huchelewa.

Barabara hii ya Butembo hadi Alimbongo, RN2, imepitiwa na vita pia: Desemba 2024 mapigano yalifika Alimbongo. Siku ya safari, ulizia hali kwa waliotoka huko asubuhi hiyo hiyo, na giza likikukuta njiani, lala kijijini.