Kwa nini pampu hunguruma bila kutoa maji

MKULIMA wa nyanda za juu anayenunua pampu kubwa ili kupata maji mengi kutoka mtoni huenda akashangaa kuisikia ikinguruma bila kutoa hata tone. Mara nyingi kasoro haiko kwenye mashine, bali mahali ilipowekwa.

Pampu ya juu ya ardhi haivuti maji jinsi wengi wanavyodhani. Hupunguza hewa ndani ya bomba la kufyonzea, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Mombasa, kwenye usawa wa bahari, hewa hiyo haiwezi kuyainua kupita mita 10 na kidogo, hata injini iwe na nguvu kiasi gani. Jijini Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi na kikomo hicho hushuka hadi mita 8 na nusu hivi. Ukitoa msuguano ndani ya bomba na viungo vinavyopenyeza hewa, ni busara kutopita mita 5 au 6. Afadhali pampu isogezwe karibu na maji. Kisima kirefu kuliko hapo chahitaji pampu ya kuzamishwa.

Kusukuma ni jambo tofauti. Pampu ikishayapata maji, yaweza kuyapandisha makumi ya mita kulingana na nguvu zake, ingawa kila mita 10 za mwinuko hula presha ya karibu baa 1. Bomba jembamba nalo hula zaidi. Kwa kiasi kile kile cha maji, kipenyo kikipunguzwa nusu, presha inayopotea huongezeka mara 30 hivi. Anayenunua mpira mwembamba kwa kubana matumizi huilipia akiba hiyo kwa petroli.

Nyumbani, tangi lililoinuliwa mita 3 juu ya bomba la bafu hutoa baa 0.3 pekee, ndiposa maji hutiririka kwa unyonge. Pampu ndogo iliyofungwa baada ya tangi hutosha kuyapa nguvu. Kuiunganisha moja kwa moja na bomba la mtaa ni kuwanyang'anya majirani, na palipo na ufa, majitaka yaweza kufyonzwa pamoja na maji ya kunywa.

Vinyunyizio vingi vya shambani huhitaji baa 2 au zaidi. Umwagiliaji wa matone hauna makuu hayo: ndoo iliyoinuliwa mita 1 tu hunywesha bustani ndogo ya sukuma wiki bila mashine yoyote.